Ukanda Mmoja, Mabega Mawili

Leo nataka tuzungumze juu ya nishani. Nasema zile nishani za taifa ambazo rais au mfalme humvika mtu mbele ya wakubwa, wimbo wa taifa ukipigwa na wapiga picha wakisukumana. Balozi amemaliza muda wake Kinshasa: anaitwa, anavikwa, anapeana mikono, anapanda ndege anarudi kwao. Waziri wa zamani amefariki: nishani inawekwa juu ya kitambaa, mbele ya jeneza. Sisi tunatazama kwenye televisheni, tunasema ni vema, kisha tunarudi kwenye bukari yetu.

Jioni hii naomba tusirudi haraka. Mji wetu wa Lubumbashi unajua jambo juu ya nishani ambalo miji mingi haikupata kulijua, na uliligharimia sana.

Twende kwanza Léopoldville, mwisho wa Juni 1960. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji amekuja kukabidhi nchi. Mkesha wa sherehe, Patrice Émery Lumumba, waziri mkuu ambaye bado hajatimiza miaka 35, anapewa Ordre de la Couronne, yaani Nishani ya Taji. Kesho yake, tarehe 30 Juni, anaingia Palais de la Nation akiwa ameuvaa ukanda wake. Zitazameni picha za siku ile, si ngumu kuzipata: ukanda umeshuka toka begani, umekatiza kifua, umefika kiunoni. Mfalme anasema wa kwanza na kumsifu Leopold wa Pili. Rais Kasa-Vubu anafuata, kwa utaratibu na adabu. Halafu Lumumba, ambaye hakuwekwa kwenye orodha ya wasemaji, anasimama. Anataja viboko, anataja matusi ya asubuhi, mchana na jioni, anataja mashamba yaliyochukuliwa. Anayasema yote hayo na ukanda wa mfalme ukiwa kifuani pake.

Mimi napenda tukae kidogo hapo. Nishani hutolewa kwa sababu nyingi, lakini moja ya sababu hizo haisemwi kwenye hotuba: kumfanya aliyeipokea ajione mwenye deni. Umepewa heshima, basi nyamaza. Umekaribishwa mezani, basi usiseme juu ya chakula. Siku ile Lumumba aliipokea nishani na deni akalikataa. Wabelgiji wengi waliokuwa ndani ya jumba lile walimwona kuwa mtu asiye na shukrani, na kutokana na hasira ile ya siku moja mambo mengi yalizaliwa.

Sasa turudi kwetu, Élisabethville kama ulivyoitwa wakati ule. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe anatangaza kwenye redio kwamba Katanga imejitenga, ni nchi peke yake. Ina bendera yake, yenye misalaba mitatu ya shaba. Ina fedha zake, ina jeshi lake linaloongozwa na maofisa wa Kibelgiji, na ina kodi ya kampuni ya migodi ya Union Minière. Kitu kimoja haina: hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua. Hata Ubelgiji, iliyotuma wataalamu, maofisa na silaha, haikuthubutu kuandika kwenye karatasi kwamba Katanga ni nchi.

Basi fikirini Desemba 1960. Tarehe ya kwanza ya mwezi ule Lumumba, aliyekwisha kuondolewa madarakani, anakamatwa pale Lodi, kwenye mto Sankuru, akijaribu kufika Stanleyville. Anarudishwa Léopoldville amefungwa kamba, anapigwa mbele ya kamera, anapelekwa kambi ya Thysville. Mwezi huohuo Tshombe yuko Brussels. Mfalme Baudouin anampokea. Na mfalme anampa nishani. Nishani gani? Ordre de la Couronne. Ukanda uleule.

Mfalme mmoja, taji moja, miezi sita tu katikati. Wa kwanza alivikwa kwa kuwa ni mkuu wa serikali ya Kongo nzima. Wa pili alivikwa kwa kuwa amelikata pande la Kongo hiyohiyo na kulishika. Ukiniuliza ni kwa huduma gani, mbele ya taifa gani, ambayo watu hawa wawili waliifanya kwa pamoja hata wastahili ukanda mmoja, sina jibu, na sidhani yupo mwenye jibu. Mfalme hakuwa anapima matendo yao. Ukanda ule ulisema lile ambalo barua ya wizara ya mambo ya nje haikuweza kulisema: Katanga, hatukutambui kwa maandishi, lakini tazama, tunakuvika. Wanadiplomasia wanaifahamu vizuri lugha hii. Mkataba unaweza kupelekwa mbele ya bunge, mbele ya Umoja wa Mataifa, ukaulizwa maswali. Nishani haiulizwi. Ni zawadi, na zawadi haina kamati ya uchunguzi.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 17 Januari 1961, ndege ilitua Luano, hapa kwetu. Waliteremshwa watu watatu, wamefungwa na kupigwa toka huko angani: Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wakapelekwa nyumba ya Brouwez, si mbali na uwanja wa ndege. Tshombe na mawaziri wake walifika kuwatazama. Usiku uleule walipelekwa porini Shilatembo, wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine, wakiwapo mawaziri wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Mwenye ukanda mmoja aliuawa chini ya utawala wa mwenye ukanda wa pili. Wazee wetu walikuwa wamelala umbali wa saa moja hivi kwa gari, na wengi hawakujua lolote.

Na hapa kuna jambo ambalo husahauliwa, nalo linahusu tuzo pia. Serikali ya Katanga ilisema uongo mara mbili. Tarehe 10 Februari ilitangaza kwamba wafungwa wametoroka. Tarehe 13 Februari Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani, aliwaambia waandishi wa habari kwamba wanakijiji wamewaua, na kwamba kijiji hicho kitapewa zawadi ya fedha iliyokuwa imeahidiwa. Jina la kijiji hakulitaja. Yaani walibuniwa watu, wakabuniwa na tendo lao, kisha wakatunukiwa kwalo. Wakulima wa Katanga, ambao hawakuwa na mkono wowote katika jambo hilo, wakapewa mbele ya dunia heshima ya mauaji ambayo hawakuyafanya. Mimi katika mambo yote ya Januari ile hili linanichoma kwa namna yake, kwa sababu ndilo lililowagusa watu wadogo, wasio na mtu wa kuwasemea.

Labda mtauliza, hii Ordre de la Couronne yenyewe ilitoka wapi? Ilianzishwa mwaka 1897 na Leopold wa Pili. Lakini hakuianzisha kama mfalme wa Wabelgiji. Aliianzisha kama mwenye nchi ya Kongo, ile waliyoiita État Indépendant du Congo, ili kuwatuza waliomtumikia huku Afrika. Miaka 11 baadaye, mwaka 1908, Ubelgiji ilipoichukua Kongo toka mikononi mwake, nishani nayo ikahamia, ikawa nishani ya Ubelgiji mpaka leo. Maneno yake yaliyoandikwa ni Travail et Progrès, Kazi na Maendeleo. Mwaka 1897 mpira ulikuwa unavunwa kwa lazima katika misitu ya kaskazini, na waliotumwa kusimamia kazi hiyo ndio waliokuwa watumishi wa dola ile. Kwa hiyo Baudouin alipomvika Lumumba alikuwa anarudisha Kongo kitu kilichozaliwa kwa ajili ya Kongo, na sina hakika kwamba wote wawili hawakulijua hilo. Lumumba alikuwa msomaji mkubwa.

Tena msidhani kwamba babu zetu walingoja mzungu awafundishe kuvika mtu heshima. Katika nchi za Waluba, Walunda, Wabemba na Wayeke, mtu mkubwa alijulikana kwa mpande, ile duara nyeupe iliyokatwa kwenye kombe la bahari. Bahari gani, nasi tuko katikati ya bara? Bahari ya Hindi. Makombe yalibebwa toka pwani, yakapita mikono mingi, yakafika huku yakiwa na thamani ya meno ya tembo. Pale Bunkeya, M'siri alijenga dola kwa biashara na kwa bunduki, na sultani aliyekubaliwa naye alijulikana kwa alama aliyoivaa. Alama hiyo ilisema wazi: huyu ana ardhi, ana watu, ana wajibu. Kila aliyeiona alijua anayeivaa anadaiwa nini na watu wake.

Tarehe 6 Oktoba 1891 dola ya Leopold ilitoa amri juu ya masultani. Atakayekubali kuitumikia serikali ataandikwa na kupewa medali ya kuning'iniza shingoni kwa mnyororo. Wakaitwa chefs médaillés, masultani wa medali. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 20 Desemba, M'siri aliyekataa kupandisha bendera ya Leopold alipigwa risasi na kapteni Bodson hapo kwake. Sultani wa medali alitakiwa kutoa watu wa kubeba mizigo, baadaye kukusanya kodi, na baadaye tena, mji wetu ulipoanzishwa mwaka 1910 na migodi ikataka mikono, kuwatoa vijana waje kuchimba shaba. Wengi wetu tuko Lubumbashi kwa sababu babu fulani aliitwa na sultani mwenye mnyororo shingoni, akaambiwa: wewe utakwenda. Nishani ya kwanza ya serikali ambayo watu wengi wa Katanga waliiona kwa macho ilikuwa ile. Wakubwa walifuatana nayo. Wadogo waliikimbia.

Wafaransa wa Napoléon walitengeneza Légion d'honneur mwaka 1802, ambayo leo ina ngazi tano, toka chevalier hadi juu kabisa, na karibu dunia nzima imeiga. Sisi pia. Mobutu alianzisha Ordre National du Léopard, Nishani ya Chui, tarehe 24 Mei 1966. Ngazi zilezile, mnyama tofauti. Na mwezi mmoja baadaye, tarehe 30 Juni 1966, Mobutu huyohuyo, ambaye mwaka 1960 akiwa kanali alimwondoa Lumumba madarakani na askari wake ndio waliomkamata, alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Mwaka huohuo Léopoldville ikawa Kinshasa, na mji wetu ukawa Lubumbashi. Serikali ilihitaji baba, ikamchukua yule ambaye hangeweza tena kujibu. Sisemi kwamba Lumumba hakustahili! Nasema tutazame ni mkono wa nani uliomvika, na kwa haja ya nani.

Tshombe yeye yalimkuta mengine. Alirudi akawa waziri mkuu wa Kongo nzima mwaka 1964, akaondolewa mwaka uliofuata, akahukumiwa kifo asipokuwepo, ndege yake ikatekwa mwaka 1967, akafia kizuizini Algeria tarehe 29 Juni 1969. Ule ukanda wa Brussels haukumsaidia hata siku moja. Leo sanamu yake imesimama katikati ya mji wetu, na wako wazee hapa Lubumbashi wanaomkumbuka kwa mapenzi: wanakumbuka mishahara iliyolipwa, shule, umeme. Siwakatazi. Walioishi siku zile wana haki ya kukumbuka walichokiona. Naomba tu wakumbuke pia kwamba nyumba ya Brouwez iko mji huuhuu.

Rais Mzee Laurent-Désiré Kabila alipouawa tarehe 16 Januari 2001, siku moja kabla ya kumbukumbu ya Lumumba, taifa liliwaunganisha wawili hao. Chui wa Mobutu akastaafishwa, ikaja nishani tuliyo nayo sasa, ile ya Mashujaa wa Taifa Kabila-Lumumba. Ndiyo inayovikwa mabalozi, majenerali, maaskofu, wanamuziki. Papa Wemba aliwekewa juu ya jeneza lake mwaka 2016, na watu walilia kwa haki. Jina la nishani hiyo lote ni la huku kwetu, ukitaka kuliangalia hivyo: mmoja aliuawa Katanga, mwingine ni mtoto wa Katanga aliyeanza siasa akiwa kijana wa chama cha Balubakat akipigana na serikali ya Tshombe. Mpolo na Okito hawamo katika jina. Waliteremka ndege ileile. Okito, makamu wa rais wa Seneti, mtu mzima, ndiye aliyepigwa risasi wa kwanza. Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, alimfuata. Mwulizeni mwanafunzi yeyote wa sekondari akutajie majina ya wale watatu. Wa kwanza atamtaja kabla hujamaliza kuuliza. Kisha atatazama dari.

Mwaka 2022, mwezi Juni, mambo haya yote yalitufikia kwa wiki chache. Mfalme Philippe, mtoto wa ndugu yake Baudouin, alikuja. Tarehe 8 Juni, Kinshasa, alifanya jambo ambalo nilipolisikia niliacha kazi yangu nisikilize vizuri: alimvika mzee Albert Kunyuku, koplo wa Force Publique, jeshi la ukoloni, umri miaka 100, mmoja wa waliopelekwa mpaka Burma katika vita vya pili vya dunia. Nishani gani? Ordre de la Couronne, ngazi ya kamanda. Miaka zaidi ya 75 baada ya vita! Mzee yuko kwenye kiti cha magurudumu, mfalme anainama. Nilifurahi kwa ajili yake, nasema bila kusita. Alikuwa hai, alijua kinachotendeka, aliweza kupokea kwa mkono wake mwenyewe. Lakini askari wale walikuwa maelfu. Waliwashinda Waitaliano Abisinia mwaka 1941, pale Asosa, pale Saio. Wengi walizikwa bila hata kipande cha shaba.

Na mwaka huohuo wa 1941, Desemba tarehe 9, hapa mjini, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai mishahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Walipigwa risasi, wakafa makumi. Karani Léonard Mpoyi, aliyesimama kuwasemea wenzake, aliuawa hapo. Sikilizeni vizuri: askari wa Force Publique walioshinda Abisinia mwezi wa saba walisifiwa na ulimwengu, na jeshi hilohilo mwezi wa 12 lilitumwa kuwapiga ndugu zao wa Élisabethville. Ushindi wa kwanza ulipata medali. Mpoyi alipata kaburi. Kwa macho yangu Mpoyi ni mtumishi wa taifa kuliko mabalozi wengi waliopita Kinshasa, na kama ningekuwa na sauti mbele ya chansela wa nishani, jina lake ndilo ningelipeleka la kwanza.

Tarehe 10 Juni mfalme Philippe alikuja hapa Lubumbashi, akazungumza na wanafunzi wa chuo kikuu chetu. Alikuwa amekwisha kueleza Kinshasa majuto yake makubwa juu ya ukoloni, kama alivyoandika kwa rais mwaka 2020. Siku kumi baada ya ziara ya chuo, Brussels, familia ya Lumumba ilikabidhiwa jino. Jino moja, ambalo polisi wa Kibelgiji Gérard Soete alilichukua alipotumwa kuikata miili ile na kuiyeyusha kwa asidi, akaliweka nyumbani kwake. Mabaki hayo yalitembezwa nchini, yakaletwa mpaka Shilatembo, kisha yakazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Jeneza kubwa, jino dogo. Ya Mpolo na Okito hakuna hata jino.

Nisimwache balozi wa Italia, Luca Attanasio. Tarehe 22 Februari 2021, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru kaskazini ya Goma, msafara wake ulishambuliwa akauawa. Italia ilimtunukia baada ya kifo msalaba wa juu wa Nishani ya Nyota ya Italia, ule unaotolewa kwa waliotoa maisha yao ugenini. Haki yake, alikuwa kijana aliyeipenda nchi hii, na watu wa Goma wanamtaja kwa wema. Pamoja naye walikufa mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva, Mkongo mwenzetu, Mustapha Milambo, aliyefanya kazi na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Tena watatu, tena barabara moja, tena jina moja linalojulikana. Nimeona kwamba dereva ndiye wa kwanza kusahauliwa kila mahali, wakati mara nyingi ndiye anayejua barabara ni hatari na bado anawasha gari.

Na kuna upande mwingine. Mwanadiplomasia Étienne Davignon, aliyekuwa kijana wa wizara ya mambo ya nje ya Ubelgiji mwaka 1960, baadaye alipanda: makamu wa rais wa Tume ya Ulaya, mtu wa makampuni makubwa, mfalme akampa cheo cha comte. Juni 2025 ofisi ya mwendesha mashtaka ya Ubelgiji iliomba afikishwe mahakamani, akiwa na miaka 92, kwa madai ya kushiriki katika kufungwa na kuhamishwa kwa Lumumba kinyume cha sheria. Mwenyewe alikana, na mahakama ndiyo yenye kusema, sisi redioni hatuna mamlaka hayo. Ninachokiona ni mpangilio wa mambo: heshima zilikuja kwanza, kwa haraka, moja juu ya nyingine, swali lilikuja baada ya miaka 64.

Ndiyo maana nina ombi moja, na nalisema kwa moyo wote. Orodha za nishani zinaposomwa kwenye televisheni ya taifa, RTNC, tunasikia jina, tunasikia ngazi, na maneno yaleyale: kwa huduma alizolitendea taifa. Huduma zipi? Lini? Wapi? Nataka kila jina liandamane na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, usomwe siku ileile: mtu huyu alifanya hili, mahali hapa, na waliofaidika ni hawa. Balozi aliyeleta dawa wakati wa Ebola, andika. Balozi aliyekaa miaka mitatu akahudhuria karamu, pia andika, tuone. Ukurasa kama huo ungeandikwa Brussels Desemba 1960, mkono wa mwandishi ungetetemeka, maana angelazimika kuandika ni jambo gani Tshombe alilolifanya. Pengine asingeandika. Pengine nishani ingebaki sandukuni.

Na ukurasa huo ungewapa nafasi watu wa namna nyingine. Hapa mjini tuna wastaafu wa kampuni ya migodi ya Gécamines, zaidi ya 10,000 walioondoka mwaka 2003 na 2004 kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baadhi yao waliyeyusha shaba miaka 30. Shaba hiyo ililipa mishahara ya mawaziri, ililipa ndege za mabalozi wetu, ililipa hata sherehe za nishani. Wengi wana diploma ya kazi ukutani na madai yasiyolipwa kwenye bahasha. Wakilipwa haki yao kwanza, nishani wataivaa kwa raha.

Basi wasikilizaji, kama nyumbani kwenu kuna nishani, ya babu aliyekwenda Abisinia, ya baba wa Union Minière, ya sultani wa kijiji chenu mwenye mnyororo, ileteni hapa studio wiki ijayo, au tupigieni simu. Tutauliza mambo manne tu: nani aliitoa, mwaka gani, kwa kazi gani, na nani mwingine alikuwepo siku hiyo ya kazi ambaye hakupewa. Majibu tutayasoma hewani, kwa majina ya wale wazee, kama ninyi wenyewe mtakavyoturuhusu.